"Pro painted": neno lisilo na mwenyewe

Kichwa cha tangazo la eBay kina nafasi ya herufi 80. Maneno "pro painted", pamoja na nafasi iliyo katikati, yanakula 11. Muuzaji halipii senti kuyaandika, hakuna anayeyakagua, na yanalifanya tangazo lake litokee kila mtu anapotafuta visanamu vilivyopakwa rangi na fundi. Ndiyo maana yamejaa kila mahali. Utayakuta kwenye kazi ya mtu aliyekaa wiki nzima na brashi yenye ncha kama sindano, na utayakuta kwenye kazi ya mtu aliyechovya jeshi zima ndani ya kopo la vanishi ya kahawia akaenda zake kulala.

Hapa tunapima njia tatu za kununua visanamu vya michezo ya vita ya mezani, Warhammer na jamaa zake, vyenye urefu wa kati ya milimita 28 na 40: mafungu ya mitumba ya eBay, karakana zinazopaka kwa oda, na vile vinavyotoka kiwandani na rangi yake. Kwa asiye na muda, alama zetu ni hizi: mitumba 5 kwa 10, karakana 7, kiwanda 6. Ila hiyo 5 ya mitumba ni mchanganyiko wa 2 na 9 zilizolala kwenye gunia moja, na kazi ya mnunuzi ni kujua anayoshika ni ipi kabla hela haijatoka.

Maneno na wenyewe

"Pro painted" kwa asili yake lilimaanisha kwamba kuna mtu alilipwa kupaka. Basi. Aliyewahi kujenga nyumba anajua kwamba kulipwa na kuijua kazi ni vitu viwili. "Tabletop" ni kiwango cha mezani: kisanamu kinapendeza ukiwa umekaa mchezoni, macho yako sentimita 60 au 70 kutoka mezani, na ukikisogeza karibu unaanza kuona kasoro. Juu yake kuna "tabletop plus", "display" (ya kuonyesha) na "competition" (ya mashindano), na kila muuzaji ana ngazi zake. Ngazi ya 3 ya huyu yaweza kuwa ya 5 kwa yule. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Kuna neno moja lenye mwenyewe. "Battle Ready" ni la Games Workshop ya Nottingham, Uingereza, ambao ndio wenye Warhammer. Maana yake ni kwamba sehemu kuu za kisanamu zimepakwa rangi na kitako kimemaliziwa, kisibaki plastiki tupu. Tangu toleo la 9 la Warhammer 40,000, lililotoka 2020, jeshi lililofika hapo humpa mchezaji pointi 10 kati ya 100 za mchezo. Ahadi yenyewe ni ndogo lakini unaweza kuikagua kwa macho, na kwa maoni yetu ndilo dai la kweli kuliko yote yaliyoko sokoni. Ajabu ni kwamba wauzaji wanaona aibu kulitumia.

"Golden Demon standard" ni kichekesho. Golden Demon ni mashindano ya kupaka visanamu ya kampuni hiyo hiyo, yalianza 1987, na hayana "kiwango". Yana washindi, na majina ya washindi hutangazwa. Ukikuta dai hilo uliza mwaka gani na kundi gani. Jibu likianza na "namaanisha mtindo tu", funga ukurasa. "'Eavy Metal style" ni afadhali kidogo. Hiyo ni timu ya wapakaji wa Games Workshop wanaopaka visanamu unavyoviona kwenye picha za maboksi, na sifa ya kazi yao ni mstari mwembamba wa mwanga kwenye kila ukingo. Dai hilo angalau linakuelekeza pa kuangalia.

Askari mmoja chini ya lensi

Chukua Space Marine wa kawaida, askari wa Warhammer 40,000, wa aina ya Intercessor iliyotoka 2017. Amesimama kwenye kitako cha milimita 32, amevaa deraya la buluu la jeshi la Ultramarines. Anafaa kwa somo hili kwa sababu ana maeneo mapana, kingo nyingi, viungo vinavyogundishwa na bega la mviringo, yaani kila mahali ambapo uzembe unaweza kujificha.

Usianze na rangi, anza na mshono wa kalibu. Plastiki husindikwa kati ya vipande viwili vya kalibu ya chuma, na pale vipande vinapokutana hubaki mstari mwembamba ulioinuka. Kwa askari huyu utautafuta ubavuni mwa miguu, juu ya bunduki na pembeni mwa kofia. Fundi huukwangua kwa mgongo wa kisu kabla ya kupuliza praima, ile rangi ya kwanza inayoshikia nyingine, kazi ya dakika chache tu. Asipoukwangua, rangi haiufichi. Woshi, ile rangi nyepesi ya kivuli, hujikusanya kando yake, na brashi kavu, iliyofutwa ikabaki na rangi kidogo ya kugusa vilima tu, huupaka mweupe juu, kwa hiyo kila hatua inayofuata inautangaza zaidi. Aliyeruka hatua hii karibu kila mara ameruka na nyingine. Mara nyingi mshono peke yake unatosha kutoa hukumu.

Kisha viungo. Kwapa, shingo, na pale mkoba wa mgongoni unapokaa. Ufa mweusi mwembamba unaonyesha hakukuwa na puti. Ukungu mweupe kando ya kiungo ni mvuke wa supa gluu, ambao mtu aliyemaliza kazi yake vizuri angeufunika. Angalia na mdomo wa bunduki: fundi huutoboa kwa drili ya mkono yenye msumari wa milimita 1 au chini ya hapo. Tone jeusi la rangi mahali pa tundu si kosa la jinai, lakini "display" haliwi hivyo.

Uso wa deraya wenyewe unakwambia praima ilipulizwaje. Ukiwa na chembechembe kama msasa, kopo lilishikwa mbali mno au siku ilikuwa na joto, rangi ikakauka hewani na kutua kama vumbi. Ukiwa laini mno hadi misumari ya deraya imezama, kopo lilikuwa karibu mno. Yote mawili hayatibiki bila kuvua rangi yote, na hakuna woshi wala vanishi itakayoyaficha.

Rangi sasa. Njia inayofuatwa na wengi kwa Ultramarines ni Macragge Blue ya msingi, kivuli kwenye mifereji, Calgar Blue kwenye kingo, na Fenrisian Grey kwenye ncha tu, pale kingo mbili zinapokutana. Mstari wa ukingo uliokwenda vizuri una upana wa takriban milimita 0.3, haukatiki, na haunenepi kwenye kona. Ukinenepa, rangi ilikuwa na maji mengi au ncha ya brashi ilikuwa imepasuka. Kivuli kikae ndani ya mifereji. Ukiona katikati ya paja pana kuna duara lenye ukingo mweusi, kama alama ya kikombe cha chai mezani, jua woshi ilimwagwa juu ya kila kitu na hakuna aliyerudi kusafisha.

Bega la mviringo ndilo linaloumbua. Nembo ya jeshi huja kama stika ya maji, na stika ni bapa wakati bega limepinda pande mbili, kwa hiyo lazima ikunjamane. Anayejua hupiga kwanza vanishi ya kung'aa, huchanja stika kidogo kwa wembe, hubandika, kisha huilainisha kwa dawa kama Micro Sol hadi ikae kama ngozi. Asiyejua hubandika juu ya rangi kavu isiyong'aa. Hewa hunasa chini, na ukiligeuza bega kwenye mwanga unaona utando wa fedha ukizunguka nembo. Hapa pia ndipo dai la "freehand" linapofia. Nembo iliyochorwa kwa mkono haiwezi kufanana kwa unywele kwenye askari kumi. Zikifanana zote, ni stika, na muuzaji ama hajui maana ya neno ama anakufanya wewe hujui.

Macho ya kofia yawe na upande mmoja wa mwanga kwa yote mawili. Ukingo wa kitako uwe rangi moja, safi, bila vidole wala mchanga. Halafu mgeuze askari chini juu: ndani ya miguu, chini ya bunduki, nyuma ya mkoba. Aliyepaka kwa kulipwa vizuri alifika huko. Aliyekuwa anakimbizana na muda aliacha huko praima tupu.

Hesabu ya saa

Bei nayo inasema, ukiifanyia hesabu. Tuseme fungu la askari kumi linauzwa paundi 60 na muuzaji anaapa ni kazi ya fundi wa kulipwa. Toa paundi 30 za plastiki. Zinabaki 30. Kima cha chini cha mshahara Uingereza kwa wenye miaka 21 na zaidi, kuanzia Aprili 2025, kilikuwa paundi 12.21 kwa saa. Paundi 30 zinanunua saa mbili na nusu kasoro, yaani dakika kama 15 kwa askari, na hapo hatujagusa rangi, makato ya eBay wala sanduku la kufungia.

Dakika 15 zinatosha praima, rangi moja ya haraka, brashi kavu na mchanga kwenye kitako. Ni Battle Ready, na kwa mtu anayetaka kucheza Jumamosi ni ununuzi mzuri. Kazi yenye mistari ya ukingo tuliyoieleza hapo juu inakula saa 4 hadi 6 kwa askari mmoja kwa mkono uliozoea. Zidisha mwenyewe: saa 6 kwa askari kumi, kwa kima hicho cha chini, ni paundi 732.60.

Hesabu hii ina tundu moja. Anayeuza jeshi lake mwenyewe kwa sababu anahama au kaoa hahesabu saa zake, na ndiyo asili ya zile 9 kwa 10 zilizomo ndani ya mitumba. Kwa kawaida mtu wa namna hiyo haandiki "pro painted". Anaandika rangi alizotumia, mwaka aliopaka, na kwamba askari wa tatu alianguka mkono ukagundishwa upya. Kizuri chajiuza.

Picha zinavyosema na zinavyonyamaza

Pikseli ni hesabu rahisi. Picha yenye upande mrefu wa pikseli 1600, iliyojazwa na askari mmoja wa milimita 40, inakupa pikseli 40 kwa kila milimita. Mstari wa ukingo wa milimita 0.3 unakuwa pikseli 12. Utauona, na utaona kama umetetemeka. Picha hiyo hiyo ikibeba mstari wa askari kumi, kila mmoja anapata pikseli 160 za upana, na kitako cha milimita 32 kinaacha pikseli 5 kwa milimita. Mstari ule sasa ni pikseli moja na nusu. Haupo. Fungu lote linaweza kuwa limepakwa kwa ufagio na usijue.

Kwa hiyo picha ya kundi ni picha ya kuhesabia vichwa tu. Tena angalia nani kawekwa mbele: desturi ni nahodha mmoja aliyepambwa asimame mbele, na wale kumi na tisa wa hovyo wakae nyuma kwenye ukungu wa kamera. Omba picha sita za askari mmoja unayemchagua wewe: mbele, nyuma, kulia, kushoto, juu, na chini ya kitako. Mwanga wa dirishani, karatasi nyeupe nyuma, bila fleshi. Ile karatasi nyeupe ndiyo kipimo chako: ikitoka ya manjano au ya buluu, rangi za kisanamu nazo zimedanganya kiasi hicho hicho. Pembeni pawekwe sarafu na kikaratasi chenye jina la akaunti ya muuzaji, kwa sababu picha nyingi nzuri zimeibwa kwenye kurasa za wapakaji wengine. Kuitafuta picha kinyumenyume kwenye Google kunachukua nusu dakika.

Tangazo ambalo asili yake ni nyeusi tii na mwanga mkali kutoka juu ni la kutiliwa shaka kidogo. Weusi unameza kingo zilizotetemeka, na mwanga wa juu unachora vivuli ambavyo mpakaji hakuvichora.

Rangi za mkato na sifa za anasa

Citadel Contrast, rangi ya Games Workshop, ilitoka 2019 na ikabadilisha soko hili zima. Unapuliza praima nyeupe au ya kijivu chepesi, unapaka mkono mmoja, rangi inateremka kwenye mabonde na kuacha vilima vyepesi. Kwenye manyoya, ngozi ya zimwi, nguo zenye mikunjo, matokeo ni mazuri kweli. Kwenye vifaru, ngao na deraya pana huacha madoa ya mawingu. Muuzaji anayesema "layered" huku deraya likiwa na mawingu hayo hajapaka tabaka, kapaka Contrast. Hatuna ugomvi na rangi yenyewe, ugomvi wetu uko kwenye neno.

Speedpaint ya The Army Painter ni ya ukoo huo huo, na toleo lake la kwanza lina kasoro ambayo mnunuzi wa mitumba lazima aijue: ikishakauka, maji huiamsha tena. Ukipaka rangi nyingine au vanishi ya brashi juu yake, ile ya chini inayeyuka na kupanda. Toleo la 2.0 la 2023 lilirekebisha hilo. Ukinunua fungu lililopakwa kwa rangi za namna hii, chukua kijiti cha pamba chenye unyevu, gusa mahali pa kificho, chini ya mguu. Pamba ikitoka na rangi, kisanamu hakina vanishi. Piga ya kopo la kupuliza, tabaka nyepesi mbili, usiguse na brashi.

Kuchovya ni njia ya zamani zaidi: rangi za msingi, kisha kisanamu kizima ndani ya vanishi ya kahawia, kinakung'utwa, kinaachwa. Utaitambua kwa kung'aa kama vitumbua vilivyotoka kwenye mafuta, na kwa kahawia kujaa sawasawa kila kona, hata pale ambapo kivuli cha deraya jeupe kingetakiwa kiwe cha kijivu.

Wauzaji wa bei za juu wana vifupisho viwili wanavyovipenda. NMM ni chuma cha kuigiza: upanga unapakwa kwa rangi za kawaida, kijivu na nyeupe, ili uonekane kama chuma kinachong'aa. Ukikagua, tafuta doa jeupe kabisa likiwa ubavuni mwa giza kabisa, kwa sababu ndivyo chuma kinavyofanya. Mteremko laini wa kijivu kutoka mwanzo hadi mwisho wa upanga ni upanga wa kijivu, si chuma. OSL ni mwanga wa kuigiza, kama taa au moto unaoangaza uso wa askari. Kanuni yake ni moja: mwanga hutua pale tu ambapo taa ingeweza kuona, na hakuna kitu kinachong'aa kuliko taa yenyewe. Kosa la kila siku ni kijani kilichopulizwa kwa eabrashi, ile bomba ndogo ya kupulizia rangi, hadi mgongoni, utadhani askari kaota ukungu.

Karakana za oda

Karakana tunaipa 7 kwa sababu moja: ina ngazi za bei na ina picha za kila ngazi. Zipo Uingereza, Marekani, na kwa miaka mingi Sri Lanka, ambako oda za wachezaji wa Ulaya na Marekani hupakwa kwa mamia. Neno la ngazi halina maana. Picha ya ngazi ndiyo mkataba. Ihifadhi kwenye simu yako siku unayolipa.

Pale zinapoharibika ni kwenye mambo ambayo mteja hakuuliza. Anayepaka ni yule aliyepaka zile za kwenye ukurasa wao, au ni mwanafunzi? Bei inahusu kukwangua mishono, au wanapokea vilivyogundishwa tu? Kitako kimo? Stika zimo? Vanishi ni ya aina gani? Je, mikono inayobadilishwa inawekwa sumaku? Kwa silaha za mtu wa ukubwa huu sumaku za milimita 2 au 3 zinatosha, na mtu asiyelinganisha ncha zake kabla ya gundi atakuletea mkono unaokataa bega. Visanamu vya chuma, je, viungo vyake vinashikizwa kwa waya wa ndani? Chuma ni kizito, na supa gluu peke yake huachia sanduku likianguka mara moja.

Dai picha mbili njiani: baada ya praima, na kabla ya vanishi. Ya kwanza inaonyesha mishono yote, kwa sababu rangi moja haina pa kuficha. Ya pili ndiyo nafasi yako ya mwisho ya kusema jicho la kushoto linaangalia Bagamoyo. Baada ya vanishi kila marekebisho yanakuwa doa.

Vya kiwandani

WizKids walianza kuuza visanamu vya mchezo vilivyopakwa tayari mwaka 2000 na Mage Knight, na tangu 2014 wanatoa mfululizo wa Icons of the Realms kwa ajili ya Dungeons & Dragons. Star Wars: X-Wing ya Fantasy Flight Games, iliyotoka 2012, ilionyesha kwamba kiwanda kinaweza: ndege ndogo za kipimo cha 1:270, mistari safi, tayari kuchezwa siku hiyo hiyo. Ndege lakini hazina nyuso. Kwenye watu na mazimwi, kiwanda hupaka kwa vibao vya kuzuia rangi na kwa mihuri laini ya silikoni. Kisanamu kikikaa vibaya nusu milimita, macho yanahamia kwenye paji la uso.

Boksi nyingi za Icons huuzwa zikiwa zimefungwa, hujui utapata nani. Huo ni mbuzi kwenye gunia, ila ni gunia lenye ubora unaotabirika, na hiyo ndiyo maana ya alama 6. Anayetaka zimwi fulani anunue kwa wauzaji wanaofungua boksi na kuuza kimoja kimoja, aone uso kwanza. Plastiki yake ni laini, hivyo mikuki na panga hufika zimepinda. Chovya panga kwenye maji ya moto yaliyoepuliwa jikoni kwa dakika moja hivi, nyoosha kwa vidole, tumbukiza kwenye maji baridi, itabaki hivyo. Halafu paka woshi moja ya kahawia au nyeusi juu ya kila kitu, acha ikauke, gusa kingo za juu kwa brashi kavu. Visanamu kumi kwa saa moja, na vinasogea hadi kwenye "tabletop" wanayoiuzia wengine kwa bei ya mara tatu.

Kabla ya kulipa, na siku ya kufungua

Kinachomlinda mnunuzi ni kugeuza sifa kuwa ukweli unaoweza kukataliwa. "Pro painted" ni maoni. Huwezi kulalamikia maoni. "Vyote vimepigwa vanishi", "hakuna kiungo kilichogundishwa upya", "ni plastiki ya Games Workshop, si rezini iliyonakiliwa": hayo ni mambo ya ndiyo au hapana. Uliza moja moja, ndani ya ujumbe wa eBay wenyewe na si WhatsApp, ili jibu libaki kwenye kumbukumbu. Kisha tafuta vilivyokwisha kuuzwa. Kichujio cha eBay kinaonyesha siku 90 zilizopita, na bei waliyolipa watu inasema kuliko bei anayotamani muuzaji.

Dhamana ya eBay ya kurudishiwa hela inahusu kitu kisicholingana na tangazo, hata kama muuzaji kaandika kwamba harudishiwi, na dirisha lake ni siku 30 baada ya kitu kufika, au baada ya tarehe ya mwisho iliyokadiriwa ya kufika. Anayeagiza akiwa Dar es Salaam au Nairobi kupitia wakala wa mizigo wa Uingereza au Marekani ajue kwamba kitu kikishafika kwa wakala na kusafirishwa tena kwenda anwani nyingine, dhamana hiyo imeisha. Afadhali mlipe wakala kidogo afungue na kupiga picha palepale.

Pwani kuna tatizo la pili. Vanishi isiyong'aa ikipulizwa kwenye hewa yenye unyevu mwingi hugeuka ukungu mweupe juu ya kisanamu. Usiipulize Mombasa wala Zanzibar wakati wa masika, hata ukiwa na haraka. Ngoja siku kavu, au tumia ya brashi pale ambapo rangi ya chini inaruhusu.

Ukipokea, rekodi video kuanzia sanduku likiwa bado limefungwa, hesabu vipande, hesabu na mikono iliyoanguka kwenye sponji. Angalia ncha za panga, pua na ukosi wa joho kwenye visanamu vya chuma. Chuma kinachong'aa hapo ni kwamba vilichezwa bila vanishi.

Na fungu likiwa la 2 kwa 10 lakini plastiki ni halali na bei ilikuwa ya plastiki, hujapata hasara. Wapakaji wa Uingereza huvua rangi kwa Dettol, ile ile ya kahawia iliyoko bafuni. Vaa glavu, jaza chupa ya kioo kwa Dettol isiyochanganywa na maji, lowesha kutwa kucha, kisha sugua kwa mswaki wa zamani ukiwa bado unaichovya kwenye Dettol. Maji yasiguse kabla rangi haijatoka yote: yakigusa, rangi hugeuka ulimbo mweusi unaoingia kila mfereji. Sabuni na maji ya vuguvugu ni mwisho kabisa. Asetoni iache kwa vya chuma. Plastiki itayeyuka mkononi. Rezini ijaribu kwanza kwa kipande kimoja usichokipenda.